Marehemu Aliyesimama Kinole

Leela uko wapi?? Furaha kabanwa huku Kinole, simu yake kanirushia, ndiyo maana nakuandikia mimi.

Si tulikuja kumwombea ruhusa ya utafiti? Wazee wakasema, soma hilo andiko lako tusikie. Akasoma! "Enzi za Mjerumani, jumbe Mkumbulu, ambaye sasa ni marehemu, aliwauza watu wake wakabebe mizigo."

Mzee mmoja akasimama. "Mkumbulu ni mimi."

Yaani huku anayemrithi mkuu wa ukoo anarithi na jina, na akishalipata, ndiye yeye! Furaha hakujua. Mzee anaongea kama alikuwepo: "Mjerumani alinichapa mimi mpaka nikawataja. Wewe umeandika niliuza. Nani kakwambia?"

Nani kamwambia? Leela, hakuna! Kwanza aliandika "inasemekana", msimamizi wake akalikata, eti mwoga haandiki tasnifu.

Furaha akamwamkia, "Shikamoo babu." Hakuitikiwa. Jamani, hakuitikiwa! Na watu wamejaa mlangoni.

Sasa mzee kaenda kuswali. Kamwachia neno moja tu: "Nikirudi utasoma tena. Ila utanitazama machoni."