Kijiko Kimoja Kabla ya Upasuaji

Jumatatu, 4 Machi

Majibu ya kipimo cha kamera tumboni yametoka. Saratani ya tumbo. Daktari kasema nina bahati, imekamatwa mapema, watakata sehemu yenye ugonjwa na kuunga iliyobaki. Nikasema asante. Asante ya nini! Nikarudi kazini, jiko la bweni, nikapika mchuzi wa wanafunzi mia tatu. Haukuungua.

Alhamisi, 7 Machi

Nimemwambia mume wangu. Alikuwa anafunga kamba za viatu. Akazifungua, akazifunga tena. Akauliza watakata kiasi gani. Nusu na zaidi kidogo, nikamjibu, kama namtajia vipimo vya pazia. Sina hofu, sina uchungu. Nimekuwa gogo tu.

Jumanne, 19 Machi

Upasuaji haujafanyika. Kosa langu. La kipumbavu, la mpishi.

Nilikatazwa kula tangu jana usiku. Asubuhi nikaona nimwachie mume wangu chakula cha mchana. Miaka ishirini na mbili sifuniki sufuria bila kuonja. Nikachota, nikaonja, nikaongeza chumvi, nikaonja tena. Na vipande viwili vya nyama, kuona kama imeiva. Wala sikushtuka!

Wodini nesi akauliza kama nimekula. Hapana. Hata kuonja? Ndipo nikakumbuka. Daktari wa usingizi akatikisa kichwa — tumbo lazima liwe tupu, nisije nikatapika nikiwa nimelala, nikapaliwa. Na mpasuaji anasafiri. Wiki mbili.

Wenzangu jikoni, walionibatiza Bi Chumvi, wamecheka hadi machozi. Bi Chumvi kaponzwa na chumvi! Nami nikacheka, mdomo tu.

Jumatano, 20 Machi

Mume wangu hakucheka. Tulikuwa tunakunja nguo.

"Ulisahau, au hukutaka?"

Nikasema nilisahau. Akaendelea kukunja.

Lakini jana, waliponiambia nivae nirudi nyumbani, nilivaa haraka mno. Nimefika mlangoni kwangu blauzi iko nje ndani.

Jumapili, 31 Machi

Dada kapiga simu. Nimesema salama.

Jumanne, 2 Aprili

Leo kweli sijatia kitu mdomoni. Mume wangu alikaa kwenye mlango wa jiko tangu alfajiri, kikombe mkononi, hanywi.

Niko kitandani wodini, gauni la kufunga kwa nyuma. Naogopa. Mwezi mzima sikuhisi kitu, leo meno yanagongana. Nataka kupona. Nataka kwenda nyumbani. Vyote kwa pamoja.

Nesi ni yule yule. Kasimama na fomu.

"Mama, leo umeonja chochote?"

Nimemwomba nimalizie mstari huu. Kacheka, kasema andika tu, mama. Nikisema ndiyo, nitavaa nguo zangu nirudi nyumbani. Neno moja tu! Mume wangu kasimama nyuma yake, haangalii fomu, ananiangalia mimi —