Jani Lenye Manyoya

Kabula mjukuu wangu,

Mwangaluka! Huku Zagayu tu wazima, na shangazi yako kajifungua mtoto wa kike, kelele tupu. Swali lako la kama usome fizikia, kemia au baiolojia chuoni limenichangamsha mno.

Wanunuzi binafsi wa pamba walipoanza kuingia huku, kila mmoja alileta mbegu zake, zikachanganyika. Msimu ule nikaona ajabu shambani: mche mmoja umejikunja majani kwa wadudu, wa pembeni yake umenawiri. Viganja vyangu vilishakuwa vigumu kwa jembe, basi nikapitisha majani shavuni. Lile la mche ulionawiri lilikuwa na manyoya! Nikajaribu mche mwingine, na mwingine. Ni vilevile: penye manyoya, wadudu hawakai! Nikakimbia nyumbani naruka kama ndama.

"Baba Masanja, njoo ushike jani!" nikamwita babu yako.

"Kwanza hiyo harufu ya kuungua ni ya nini?"

Maharage! Nilikuwa nimeyasahau motoni. Tulikula ugali na maziwa, na mdomo wangu haukufungika kwa kusimulia majani yale.

Kabula, hayo masomo siwezi kuyapambanua. Wewe niambie tu: lipi limewahi kukuunguzia maharage?

Bibi yako anayesubiri jibu kwa hamu