Mama wa Ngurumo Niliyemwapia Kitengela

Kitengela,
Jumatatu, kabla lori halijapakiwa.

Dada yangu mpendwa Nanjala,

Mulembe. Pokea salamu nzito kama lori langu likitoka machimboni, na usizipunguze hata jiwe moja. Mimi ni mzima, kifua ni kile kile, na nikipiga kelele stejini hapa hata makanga wananyamaza waelimike. Natumaini goti lako limepoa tangu mvua ikatike, na kwamba yule ng'ombe mweupe amezaa salama. Msalimie shemeji. Msalimie sana mpwa wangu Sheryl, na huyo kijana wake aambiwe mapema kwamba anaoa kwa watu wenye maneno.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu umenikatia. Sikulaumu. Lakini simu ukikata nabaki nikiongea na hewa kama mwendawazimu, na barua hata ukiitupa chini utaiokota tena. Nakujua, wewe hutupi karatasi hujaisoma.

Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza nikiwa Bisil, nimeegesha kando ya soko la ng'ombe. Umesema nisikanyage Kimilili siku ya kupokea wageni wa Sheryl mpaka nimkane jini niliyemwapia. Umesema afadhali kiti cha khocha, kiti cha mjomba, kikae bure kuliko kukaliwa na mtu aliyeuza roho yake. Umesema akina mama wa maombi wamefunga kwa ajili yangu. Dada, mimi nimelala Juba risasi zikilia nikakoroma. Nimebishana na askari wa mpaka wa Tunduma mpaka akaninunulia chai. Lakini hayo maneno ya kiti yalinikalisha chini kando ya gurudumu, na wachungaji wakadhani nimepata pancha. Unajua mjomba ni nani kwetu. Wageni wakipokewa na kaka ya mama hayuko, watu huuliza kuna nini mpaka wajukuu wazaliwe. Kwa hivyo nisomee mpaka mwisho, ndio uamue.

Kwanza, Valerie hakukudanganya. Huyo binti wa kanisa lenu, tangu apange nyumba huku, ana macho mazuri sana. Alipita nyuma ya duka la vigae la Keziah Jumapili ile nyingine mchana, akachungulia dirishani, akaniona nimesimama juu ya kiti, mikono hewani, nikipaza sauti: Mama wa Ngurumo, mtumishi wako nimekwama, nitetee! Akakimbia hata sukuma wiki yake ikabaki njiani. Niliiokota. Ilikuwa nzuri.

Alichokosa kuona ni kwamba tulikuwa tunacheza.

Usicheke bado. Keziah ni mama wa heshima kutoka Murang'a, msharika wa kanisa kuliko mimi na wewe, na mimi ndiye humpelekea mawe ya ujenzi. Jumapili baada ya ibada anafunga duka, anatandaza ramani aliyoichora mwenyewe juu ya maboksi ya vigae, anatoa madadu yenye nyuso nyingi kama nanasi, na anatusimulia nchi ambayo haiko. Kila mmoja wetu anakuwa mtu ndani ya nchi hiyo. Keziah anasema umefika mtoni, daraja limevunjika, utafanya nini? Unajibu, unarusha dadu, dadu linakwambia kama umevuka au umeliwa na mamba. Hakuna ubani, hakuna damu ya kuku. Kuna chai na mandazi. Nimezunguka nchi nyingi, nimeona sinema za kila lugha, lakini sijaona kitu cha kukamata akili ya mtu mzima kama sauti ya yule mama.

Tuko wawili tunaocheza mbele yake: mimi na Simel, Mmaasai wa Bisil anayeuza mbuzi, mtu mrefu asiyeharakishwa na kitu chochote. Siku ya kwanza Keziah alituambia kwamba katika nchi hiyo wako mashujaa waliozaliwa na nguvu, na wako waliozipata kwa kusoma vitabu. Nikamwambia aruke hapo, hivyo vitabu mimi navyo hatuelewani. Akasema basi liko kundi la mwisho, la watu ambao hawana chochote chao. Nguvu yao yote wamepewa na mfadhili mkubwa wa ulimwengu usioonekana, na kwa ajili hiyo wana wajibu kwake. Mfadhili anatoa, nawe unatii. Ukivunja miiko yake, anaichukua nguvu yake na unabaki mtu wa kawaida mbele ya simba.

Nikasema huyo ndiye mimi. Simel akasema hata yeye.

Keziah akataka kila mmoja aeleze mfadhili wake ni nani na anadai nini. Simel akatoa joka la mlimani, jeusi, la kutisha, linalodai asiwahi kumkimbia adui. Zamu yangu ikafika, dada, nami sikuwa nimepanga lolote. Nikafungua tu mdomo huu unaoujua, maneno yakatoka yenyewe. Nikasema wangu anaitwa Mama wa Ngurumo. Anakaa juu ya kilima na sauti yake inasikika ng'ambo ya mto. Akikasirika hata mbwa wanajificha, lakini hasira yake haijawahi kulala ndani ya nyumba mpaka kesho. Hataki sadaka. Anataka mtumishi wake asipite karibu na kwake bila kuingia. Asile mbele ya mtu mwenye njaa. Akiwa safarini awe anatuma habari, hata kama habari ni kwamba hakuna habari. Na asione mtu wake akidharauliwa akanyamaza.

Keziah aliacha kuandika, akaniangalia. Akasema amesikia wafadhili wengi, wa moto, wa vilindi, wa nyota, lakini huyu angependa kukutana naye.

Na ni kazi kumtumikia, usidhani! Kuna siku tulikuwa tunafukuzwa na jeshi la mfalme mbaya, hazina iko mbele, lango linafungwa. Keziah, kwa ujanja wake wa Kikuyu, akaweka njiani mwanajeshi wa adui ameanguka, anaomba chakula. Simel akaniambia twende bana, huyo jana alikupiga mshale. Nikamwambia mwiko ni mwiko. Nikaketi, nikamega mkate, na nikiwa namega lango likafungwa. Simel alinitukana kwa Kimaa mpaka mandazi yakapoa. Aliniita mwanamke wa kanisa, aliniita mfuko wa saruji ulionyeshewa. Lakini safari ya kurudi stejini alisema joka lake linampa nguvu nyingi kuliko mama yangu, lakini usiku halimpi usingizi. Akauliza kama Mama wa Ngurumo anapokea watumishi wengine. Nikamwambia nafasi zimejaa. Nilivimba siku hiyo, dada, nusura nisiingie mlangoni.

Sasa ujumbe wako ukaja. Nikakaa nao njia yote kutoka Bisil. Nikajiambia Wasike, mchezo ni mchezo na dada ni dada, kamkane. Jana nikaenda, sikukaa, nikamwambia Keziah kwamba leo mtu wangu anamkana mfadhili wake, tuandike hivyo, tuagane kwa amani, kwa sababu kiti changu nyumbani kiko hatarini.

Keziah hakunibembeleza, wala hakumsema Valerie vibaya. Alinyoosha ramani taratibu, akasema katika nchi yake mtu hamkani mfadhili kwa mdomo. Anasimama mbele yake na kumrudishia kila alichopewa, kimoja kimoja, mpaka mikono iwe mitupu. Kisha yuko huru. Akaniambia nianze.

Nikaona hiyo ni rahisi. Nikarudisha nguvu za mikono. Nikarudisha sauti. Nikarudisha ngao. Simel alikuwa hata hanitazami. Kisha Keziah akauliza kitu cha kwanza kabisa alichonipa Mama wa Ngurumo ni kipi, maana hicho ndicho hufungua fundo. Nikafungua mdomo niseme upanga, nikasema firigisi.

Simel akauliza firigisi ya nini. Na dada, nikawaeleza, nimesimama hapo kati ya vigae vya bafu, mwanaume mzima mwenye leseni ya lori.

Niliwaeleza siku tuliyomaliza kumzika baba. Wageni wameondoka, amebaki kuku mmoja, nawe ulikuwa msichana mdogo tu, ndiwe uliyempika. Baba mdogo akaketi mezani kama tayari ni kwake, akanyoosha mkono kuchukua firigisi, maana firigisi ni ya mwenye nyumba. Ukaivuta sahani. Ukaiweka mbele yangu, na miguu yangu kwenye kile kiti haikuwa inagusa chini. Ukasema kwa sauti ambayo hata ng'ambo ya mto walisikia, kwamba mwenye nyumba hii ni huyu, na asiyempenda mlango uko wazi. Baba mdogo akatoka na hasira, na shamba halikuguswa tena. Wewe ulikula ugali na mchuzi. Nikakukatia nusu ya firigisi ukakataa, ukaniambia nitafune, nikue.

Basi sasa unajua. Sikubuni jini lolote. Siku ile Keziah aliponiuliza ni nani amenipa nguvu zote nilizo nazo, na ananidai nini, sikujua mtu mwingine wa kumtaja. Mama wa Ngurumo ni wewe. Huyo pepo ambaye akina mama wa maombi wanamfungia na kumkemea atoke ndani ya Wasike, dada, wanakukemea wewe. Waambie wale chakula, watazimia bure.

Nilipomaliza, Keziah alikuwa anapangusa dadu ambalo halina vumbi. Simel ndiye aliyesimama. Akaniuliza mimi ni mpumbavu wa aina gani, narudisha zawadi. Akasema kwao mtu akikupa kondoo kwa moyo, majina yenu mnayaweka kando. Unamwita Paker, naye anakuita Paker, yaani yule wa kondoo, mpaka mmoja amzike mwenzake. Akikupa ng'ombe, ni hivyo hivyo, mnaitana kwa ng'ombe. Hakuna anayehesabu nani yuko juu na nani yuko chini, maana jina ni moja kwa wote wawili. Akasema joka lake ni bosi tu, lakini huyu wangu ni mtu ninayeitana naye jina moja. Halafu akacheka peke yake muda mrefu, akasema tangu Mungu aumbe ng'ombe hajasikia Mmaasai aliyeitwa kwa kuku, ila sheria ni sheria.

Kwa hivyo sikumkana. Nilijaribu kwa ajili yako, nikashindwa kwa ajili yako. Mambo mengine yote uliyoyataka nitatii. Ukisema niache mchezo, naacha, nitanywa chai na Keziah na Simel kama watu wa kawaida. Lakini ukitaka nimkane Mama wa Ngurumo, itabidi uniambie mwenyewe nirudishe vipi kitu nilichokwisha kukitafuna nikakua nacho. Mimi shule yangu ni fupi, hesabu hiyo imenishinda.

Nitakuja siku ya wageni. Ukiwa bado na hasira sitaingia kwa nguvu, nitasimama nje ya ua na suti yangu ya rangi ya bahari ile niliyonunua Kampala, watu wanione na waulize. Lakini nikiona kiti kiko wazi na mlango hujafunga, nitajua umesoma mpaka mwisho, na hao vijana wataujua mdomo wa khocha wa Sheryl kabla hata hawajaonja soda.

Keziah anakusalimu, anasema goti lipakwe mafuta ya moto. Simel anakusalimu, na hajui ataletaje mbuzi Kimilili lakini anasema ataleta. Valerie nitampelekea sukuma wiki nyingine mwenyewe, nimtoe hofu. Nisalimie majirani wote, hata baba mdogo kama bado anatembea. Mungu akutunze, akupe miaka mingi ya kunigombeza.

Haya, Firigisi wangu, kwaheri ya kuonana.

Ni mimi, Firigisi wako,
Wasike.