Hori Bila Mtoto

9 Novemba

Binti yangu,

Nina miaka themanini na mbili. Nimewazika mapadri watatu, mama yako, na daktari aliyenipa miezi sita. Mimi mzima, goti tu linasumbua. Ninyi hamjambo?

Sikufichi, naogopa. Krismasi iliyopita mke wangu mdogo, mwanao, alitazama hori nililochonga kwa mikono hii isiyo na mfano, akauliza: "Babu, huyu mdoli kwenye majani ni wa nani?" Ana miaka minane! Kwenu taa na zawadi tele, mwenye siku hajulikani. Basi nimekutumia yule mtoto wa mti. Hori litakaa tupu mpaka mmrudishe, na mjukuu wangu awe anaijua habari yake.

Baba yako, fundi wa mbao

30 Novemba

Baba, shikamoo.

Sisi wazima. Goti ulikande. Kifurushi kimefika, ila usikasirike: hatuji. Dukani wamefuta likizo, siku yenyewe nina zamu mpaka jioni. Huku Krismasi ni punguzo la bei tu. Mtoto aliniomba nimsimulie. Nilianza, nikakwama kwa wachungaji wa kondoo. Niliona haya, Baba. Nikumbushe, maana wewe ndiye uliyekuwa ukitusomea.

Binti yako

6 Desemba

Binti yangu,

Marahaba. Kukusomea? Hata mama yako sikumwambia: sijawahi kuisoma ile sura. Enzi hizo herufi zangu zilikuwa za kuandikia vipimo kwenye mbao tu; barua nimejifunza uzeeni. Nilikuwa nakishika Kitabu, nasema niliyosimuliwa na mama yangu. Mwaka mmoja nilikishika kichwa chini, mkacheka, nikasema fundi husoma upande wowote.

Sasa kichwa kinavuja. Jana nilisahau hori ni la mti gani. Simulizi hili nalo likinitoka, limekwisha. Nimeliandika lote nyuma ya karatasi hii kabla halijamwagika. Msomee. Nijibu upesi.

Baba yako

27 Desemba

Binti yangu,

Hukujibu. Wiki tatu nangoja barua.

Siku yenyewe niliketi mbele ya hori tupu na jirani yangu kinyozi, nikaanza. Mama mjamzito amechoka, mlango unagongwa, hakuna chumba... Nikakauka. Neno haliji. Nikamtazama kinyozi, naye akatazama kucha zake. Niliwahi kuanguka kutoka paa la kanisa, sikuogopa vile.

Simu yake, ile ya dharura niliyowapa namba, ikalia: mwanao. "Babu, mama yuko kazini. Nimemlaza mtoto kwenye boksi la viatu. Nikusimulie?"

"Anzia mlangoni," nikamwambia.

Akanitoa mlangoni, akanifikisha zizini, akawapita wale wachungaji waliokukwamisha. Akamtaja Yesu. "Si mdoli, Babu. Ni Mungu, amekuja akiwa mdogo ili tusimwogope."

Hilo la mwisho sikuliandika. Au niliandika, nikasahau.

Hori bado tupu. Mleteni mkipata nafasi. Na sikulia. Shahidi wangu ni kinyozi, ndiye aliyenishikia simu. Muulize mtoto alivyosimulia. La machozi usimuulize kinyozi, huyo hupenda kuongeza chumvi.

Baba yako