Leo Nimechinja Jogoo

Jumamosi, Mwabungo. Mvua ya alfajiri imekatika, uani ni matope matupu, na mimi nina furaha mpaka nashindwa kukaa chini.

Leo nimechinja jogoo.

Wewe wa bara utauliza habari iko wapi hapo. Kwetu mwanamke humfuga kuku, humlisha, humkimbiza, humnyonyoa na kumpika. Kumchinja tu ndiko asikoweza. Mwanamume asipokuwepo nyumbani, unamchukua kuku wako na kisu chako, unakwenda kusimama kando ya barabara hadi apite mwenye kofia, mwanamume Mwislamu, akuchinjie.

Bibi yangu, mzaa mama, alisimama hivyo asubuhi nzima. Mjomba alikuwa njiani kutoka Mackinnon Road, hajatutembelea tangu mwaka jana, na Bibi alikuwa ameapa kwamba mwanawe hatakula maharagwe. Baba yuko kazini hotelini, Diani. Wanaume wa jirani wote wamekwenda mazikoni Msambweni. Aliyepita ni kijana mmoja wa bodaboda. Bibi akampungia mkono.

"Shosho, unaenda wapi? Panda twende!"

Bibi akamuuliza jina. Akasema Kevo. Bibi akarudi nyumbani na jogoo wake.

Nikamwambia, "Bibi, nipe mimi."

"Siti, una wazimu? Nani atamla kuku aliyechinjwa na mtoto wa kike?"

Nikamweleza kwamba ustadhi wetu wa madrasa alitusomesha: mwanamke Mwislamu akichinja, ni halali. Bibi akasema ustadhi mwenyewe mtoto wa juzi. Mama nilimwona ameinama ananoa kisu. Nilimpenda wakati ule, sijui niseme vipi.

Nikamwelekeza jogoo kibla, nikasema Bismillahi, Allahu Akbar, nikafumba jicho moja nikapitisha kisu. Damu ikarukia dera langu jipya. Bibi alikuwa amegeukia ukuta. Hapo ndipo hofu iliponishika kweli. Mjomba akimkataa yule kuku, Bibi ataaibika mbele ya mwanawe, na mimi nitasimangwa mpaka siku ya harusi yangu.

Mjomba akafika na njaa yake. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, tukaandaa wali wa nazi na mchuzi. Kabla hajatia mkono sahanini akauliza, "Nani kawachinjia, na watu wote wako mazikoni?"

Mama akaniangalia. Bibi akaangalia mkeka.

"Mimi, Mjomba."

Akaurudisha mkono wake. Nilisikia kuku wa jirani wakiparura nje.

"Umesoma Bismillahi?"

"Nimesoma."

"Kibla?"

"Nimemwelekeza, Mjomba."

Akafikiri kidogo, akachukua paja. Alipolimaliza akaomba aongezewe mchuzi. Basi! Mambo yakaisha hapo, na mimi nikala mpaka nikaona aibu.

Bibi ndiye aliyenitia wasiwasi. Alikula, lakini hakusema neno mchana kutwa, nikajua kanuna. Baada ya swala ya alasiri akaniita nyuma ya nyumba. Nikaenda nimejiandaa kugombezwa. Akachungulia kama Mama yuko karibu, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Hivi kile kisu ulikishika vipi?"

Nikamwonyesha kwa mwiko. Akaupokea, akajaribu, akajaribu tena.

"Kumbe ni hivyo tu? Na mimi tangu niolewe nabembeleza wapita njia!"

Akacheka mpaka machozi yakamtoka. Nami nikacheka. Maisha mazima, jamani, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumpa kisu.

Ameshamchagua kuku wa kesho, yule mweusi wa kishungi. Kesho wanaume watakuwepo tele, Baba na Mjomba na jirani zetu wote. Bibi amesema hamwiti mtu. Kazi yangu ni kushika mabawa.