Sabini na Moja za Lavender

Shoga Pascalia, niko nje ya darasa la Lavender.

Mjukuu wangu ameitwa mwizi! Muhula uliopita alipata kumi na tisa za hesabu, sasa sabini na moja. Mwalimu akaniambia, "Nyanya, kaandika majibu matupu, njia hakuna. Amenakili."

Lavender kimya. Kimya, shoga!

Na mimi ndiye niliyemfundisha hesabu nyumbani, nikamwambia afute njia yote, abakishe jibu, karatasi ipendeze. Alikuwa ananificha nisilaumiwe.

Nikasema, "Mwalimu, kosa ni langu."

Akanivutia kiti hapa nje, Mungu ambariki, akampa Lavender hesabu mpya ndani. Nachungulia dirishani, kalamu yake haisimami.

Mwalimu ametoka sasa hivi. "Nyanya, sabini na moja ni zake."

Lavender kanishika mkono. "Nyanya, si ungenyamaza tu?"