Miguu ya Mke Mwenzangu

Mpendwa Baba Neema,

Huko ulikokwenda nasikia hakuna barabara mbovu, kwa hiyo sikuulizi kama ulifika salama. Nina neno moja tu, na linamhusu mke mwenzangu. Usishtuke. Nasema ile pikipiki yako.

Yule mzungu wa shamba la kahawa alipokuachia akirudi kwao, kanisa zima lilishangilia: mwinjilisti wetu hatembei tena kwa miguu! Mimi moyo uliniuma. Uliilaza ndani, mbuzi wangu wakahamia barazani.

Kisha springi yake ya mbele, ile moja iliyokaa chini ya taa, ikakatika ukitoka Msangano. Ulirudi unaisukuma, vumbi mpaka kwenye kope, na neno lako la kwanza mlangoni likawa, "Mama Neema, mguu wake umevunjika, maskini."

Maskini! Nami nilikuwa nimetoka kupalilia, magaga yamepasuka mpaka damu, hukuuliza.

Ukaenda Tunduma, ukavuka kwa wajomba zako upande wa Rodesia, ukarudi na miguu ya kisasa iliyofunguliwa kwenye pikipiki iliyopata ajali: mabomba mawili marefu yenye springi ndani, yanayotaka mafuta ili yasigonge. Jumamosi nzima ulishinda uani. Injini uliiegemeza juu ya kinu changu, kwa hiyo tulikula viazi. Ulikata mkanda wako wa ngozi, ukatengeneza pete za kuzuia mafuta yasivuje. Nilikutazama ukiyapangusa yale mabomba taratibu, huku unayasemesha. Niliona wivu, tena wivu wenyewe hasa.

Halafu ukaja jikoni kutaka mafuta yangu ya nyonyo. Mbegu nilizikaanga mimi, nikazitwanga, nikazichemsha, nikaengua mafuta kwa ajili ya hayo magaga yangu. Nikasema, "Pima kidogo." Ukacheka.

"Mgeni hapimiwi, mama."

Ukamimina mpaka juu, kama tunavyomjazia mgeni kibuyu cha togwa. Miguu ikawa migumu kama nguzo. Shimo la kwanza tu, ikagoma kushuka, ikakurusha kwenye kahawa ya mzee wa kanisa. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Ikabidi uyapunguze mafuta nusu, ukanirudishia meusi ya kutu. "Haya, na wewe upake." Nilinuna mpaka Neema akauliza kama nimefiwa.

Baada ya hapo ilikwenda vizuri mpaka Chitete na kurudi. Uliponipakia kwenda ubatizo Isongole, nilisikia jinsi ilivyo laini, nikazidi kukasirika.

Sasa sikia. Jana mdogo wako Lazaro alikuja na wazee wa ukoo. Unajua nilishamkatalia kunirithi. Nilimwambia mimi ni Mkristo na nimekwisha kuolewa. Safari hii akasema, "Basi shemeji, kama wewe hutaki, acha nirithi pikipiki. Chuma hakikubatizwa."

Wazee wakacheka. Nami, nikwambie kweli, nilitaka kukubali. Iondoke, nibaki na wewe peke yangu, hatimaye.

Lazaro akaipanda hapo hapo uani. Mbele ikashuka, ikapanda, pole pole, bila kelele. Mguu mmoja ukatoa jasho la mafuta kwenye pete. Nikalipangusa kwa kidole, nikanusa. Ni nyonyo yangu, Baba Neema. Ni nyonyo yangu na ngozi ya mkanda wako, na yeye amekalia pale ulipokuwa unakaa wewe.

Wivu ukanirudia wote.

"Shuka, shemeji," nikamwambia. "Kaka yako hakuacha mjane mmoja. Tuko wawili, na sote tumekataa."

Sijamsamehe huyu mke mwenzangu, usije ukafurahi. Mbuzi bado wanalala barazani. Lakini leo asubuhi nilitengeneza mafuta mapya, nikampaka yeye kwanza, yaliyobaki nikapaka miguu yangu.

Pumzika, mume wetu.

Ni mimi, mkeo mkubwa,
Mama Neema